Bei ya Saa Moja Angani

Mdogo wangu ana leseni ya rubani binafsi. Anaruhusiwa kurusha ndege ndogo, anaruhusiwa hata kumbeba mama akitaka, ila haruhusiwi kulipwa shilingi moja kwa kazi hiyo. Ili alipwe anahitaji leseni ya rubani wa biashara. Na ili mwajiri apokee simu yake, anahitaji vitu viwili zaidi vya kuongezwa kwenye leseni hiyo: idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kupita ndani ya mawingu bila kuiona ardhi, na idhini ya kurusha ndege ya injini mbili. Vyote hivi hununuliwa kwa saa, na saa zenyewe zinauzwa kwa fedha za watu wengine. Dola, randi, yuro. Sisi tunazo shilingi, na shilingi hizo ni kiinua mgongo cha mama, aliyekuwa muuguzi miaka thelathini na mbili.

Kwenye kundi letu la WhatsApp swali lilikuwa moja tu: shule ipi ina bei rahisi? Mjomba alituma tangazo la shule ya Florida. Shangazi alikuwa na mtoto wa jirani aliyesomea Afrika Kusini. Binamu mmoja akauliza kwani Nairobi kuna ubaya gani. Nikapewa mimi kazi ya kuchunguza, kwa kuwa ni mwandishi wa habari na, kwa maneno ya mama, "wewe ndiye unayelipwa kwa kuuliza watu maswali."

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa. Rahisi ni kisichokuwa kigumu, na rahisi ni kisichokuwa ghali. Neno moja linabeba vyote, kwa hiyo mtu akiona bei ndogo anasikia pia kwamba jambo litakuwa jepesi. Kwenye shule za urubani maana hizo mbili huwa zinaachana mapema sana.

Nilianza na bei ya saa moja, maana ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo. Swali la kwanza la kuuliza ni kama bei hiyo ina mafuta ndani yake. Kuna bei "kavu", ambayo unapewa ndege tupu na mafuta juu yako. Ndege nyingi ndogo za mafunzo, kama Cessna 172, hutumia petroli maalumu ambayo katika sehemu nyingi za Afrika ni adimu na ghali. Ndiyo maana baadhi ya shule zimehamia kwenye ndege za injini za dizeli zinazokunywa mafuta yaleyale ya ndege za jeti. Swali la pili ni kama mkufunzi yumo kwenye bei au analipwa pembeni, pamoja na dakika anazotumia kukueleza somo ubaoni kabla ya kuruka. La tatu ni muda unahesabiwa na mita ipi. Ndege huwa na mita mbili. Moja huhesabu tangu injini inapowaka. Nyingine hufuata mizunguko ya injini, kwa hiyo ndege ikijikongoja ardhini nayo inahesabu polepole. Ukisomea kwenye uwanja wenye shughuli nyingi, ukasubiri nyuma ya ndege kubwa dakika kumi na tano injini ikiunguruma, mita ya kwanza inakutoza kana kwamba uko angani.

Baada ya hapo inakuja idadi ya saa, na hapa ndipo hesabu ya kundi letu ilipogeuka. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa anayesoma kozi iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. Afrika Kusini kwa njia ya kawaida ni 200. Marekani kwa njia ya kawaida ni 250. Shule zao zenye mtaala ulioidhinishwa zinaweza kumfikisha mtu kwa 190, ila siyo kila saa aliyoruka kwingine inakubaliwa ndani ya mtaala huo. Mdogo wangu alikuwa na saa 58. Kwa njia ya kawaida, Marekani zingebaki 192, Afrika Kusini 142. Chukua mfano tu: saa ya Marekani iwe dola 170, ya Afrika Kusini dola 190. Kwa kuangalia tangazo, Marekani ndiyo nafuu. Zidisha sasa. Marekani unapata 32,640, Afrika Kusini 26,980. Saa iliyo rahisi imezaa leseni iliyo ghali, na bado hatujalipa chumba wala chakula.

Tena hizo ni saa za chini. Niliowapigia simu, watu waliokwishamaliza, walivuka kiwango cha chini karibu wote, na siyo kwa uzembe. Hali ya hewa inakatiza masomo, ndege inaingia gereji, mtahini hapatikani kwa wiki tatu. Ukikaa wiki tatu bila kuruka mkono unapoa, inabidi ununue saa mbili au tatu za kujikumbusha kabla ya mtihani. Ndiyo maana hata mwezi wa kuondoka ni sehemu ya bei. Florida wakati wa kiangazi chao mawingu ya radi huota karibu kila alasiri. Nyanda za juu za Johannesburg nazo zina radi za mchana kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka. Cape Town mvua zake ni katikati ya mwaka. Mtu anaweza kwenda shule nzuri katika mwezi mbaya akakaa anatazama dirishani huku kodi ya chumba inatembea.

Marekani kuna na mambo ya karatasi. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001, mgeni hagusi mafunzo ya mwanzo, ya vyombo wala ya injini mbili kabla ya kuchunguzwa na idara yao ya usalama wa usafiri na kuchukuliwa alama za vidole. Shule yenyewe lazima iwe na kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni. Kuna ada ya dola 350 ya kuingizwa kwenye mfumo wao wa wanafunzi wa kigeni, mbali na ada ya viza. Na viza ya M-1, ambayo wanafunzi wengi wa urubani huipata, haimruhusu mtu kufanya kibarua wakati anasoma. Mjomba alikuwa akisema kijana "atajishikiza huko huko." Ilibidi nimweleze taratibu, maana ni mjomba, kwamba kwa viza hiyo hakuna kujishikiza.

Lakini kilichonibadilisha mawazo kabisa ni herufi zilizochorwa ubavuni mwa ndege. Ndege zilizosajiliwa Tanzania huanza na 5H. Za Kenya ni 5Y, nyingi za Afrika Kusini ni ZS, za Marekani ni N. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao mpaka leo ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, unasema rubani wa ndege inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi iliyoisajili ndege hiyo. Ndege inayokusubiri Arusha au Dar ikiwa na 5H ubavuni inataka karatasi ya Tanzania. Leseni ya Florida, hata uifremu, ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kuibadilisha nyumbani kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: kuthibitisha leseni na nchi iliyoitoa, kupimwa afya, mitihani, na ikihitajika kuruka tena na mtahini. Kila hatua ina ada na ina foleni.

Basi nikaacha kuuliza shule zinatoza kiasi gani. Nikaanza kuuliza: siku kijana anashuka Terminal 3, ana karatasi gani mkononi, na kutoka hapo mpaka mshahara wa kwanza kuna umbali gani?

Swali hilo liliirudisha Nairobi mezani. Uwanja wa Wilson una shule za siku nyingi, basi linafika, na kanuni za anga za nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikisogezwa zifanane kupitia wakala wa Jumuiya wenye makao yake Entebbe. Liliitoa pia Uingereza, ambayo binamu alikuwa ameanza kuitaja. Tangu mwisho wa 2020 leseni ya Uingereza na ya Umoja wa Ulaya ni vitu viwili tofauti, na kwa lengo la kufika kwenye leseni ya juu ya ndege za abiria kuna mitihani 13 ya nadharia. Ni njia ya heshima, ila ni ya mtu anayetaka kuajiriwa huko. Huyu wetu anataka kurusha Cessna Caravan kwenda Mafia na Serengeti.

Na Caravan, nikajifunza, ina injini moja. Kwa hiyo ile idhini ya injini mbili, ambayo saa yake ndiyo ghali kuliko zote, si lazima iwe ya kwanza kununuliwa. Niliongea na rubani mmoja mzee wa ndege za watalii, akaniambia: "Dada, asinunue vyote kama mtu anayefungua duka. Anunue kinachompa kazi, kingine kitanunuliwa na kazi." Akaongeza jambo ambalo tangazo haliwezi kukuambia. Arusha uwanja uko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, Seronera ni zaidi ya 5,000. Huko juu hewa ni nyepesi, ndege inachelewa kuinuka, njia inaisha haraka. Aliyejifunza maeneo ya Johannesburg, nako ni juu ya futi 5,000, ameshalizoea hilo kwa hela ya ada. Aliyejifunza ufukweni Florida atalikuta kazini, abiria wakiwa nyuma.

Niliandika maswali kumi na moja, nikayatuma kwa shule tisa bila kubadilisha neno. Ndege ngapi zinaruka wiki hii, siyo ngapi mnazo? Wanafunzi wangapi kwa kila ndege? Fundi ni wenu au wa kuazima? Mtahini anakuja mara ngapi? Wahitimu wenu watatu wa mwisho walimaliza na saa ngapi? Shule nne hazikujibu. Mbili zilijibu kwa kunitumia tangazo lilelile. Tatu zilijibu swali kwa swali, na mojawapo iliniambia wazi kwamba ndege yao ya injini mbili iko chini inasubiri kipuri. Hiyo ndiyo niliyoipenda.

Swali la kumi na mbili aliliongeza mama. Alikuwa amekaa kimya muda wote huo, akituangalia tunavyopigana kwa namba. Akauliza, "Akikwama katikati, hela zinarudi?"

Hatukuwa na la kusema. Wote tulikuwa tunamfahamu kijana mmoja, alianza pamoja na mdogo wangu, ambaye familia yake ililipa kozi nzima mara moja ili wapate punguzo. Shule ikaishiwa ndege, halafu ikaishiwa simu za kupokea. Kijana alirudi na saa zake tisini na kitabu cha kumbukumbu za safari. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki. Nyumba yao ya kupangisha Tabata ilikwenda. Punguzo walilolifuata lilikuwa asilimia kumi.

Kwa hiyo neno tulilolishika mwishoni ni nafuu, siyo rahisi. Mgonjwa anapata nafuu, hajapona, ila anapumua. Shule ya nafuu kwetu ikawa ile ambayo tungeweza kusimama katikati bila kuangamia: kulipa kwa awamu, saa kumi kumi, salio linarudishwa kwa maandishi, na kila awamu ikiisha ana kitu mkononi kinachotambulika. Haikuwa ya bei ndogo kuliko zote. Ilikuwa ya tatu kutoka chini. Mjomba hakufurahi sana, alishawaambia watu kanisani kuhusu Florida.

Mdogo wangu yuko Afrika Kusini kwa viza ya masomo tangu Februari. Tulikubaliana leseni ya biashara kwanza, vyombo baadaye, injini mbili tutaona. Ana saa 163. Jumatatu alinitumia ujumbe kwamba upepo umewaweka chini siku nne na mtahini amesogeza tarehe tena, kwa hiyo awamu ya Septemba itahitajika mapema kidogo. Nimeusoma ujumbe huo kwa mama. Akavaa miwani, akatoa daftari lake la kozi ya uuguzi ambalo sasa anaandikia hesabu za mwanawe, akaandika tarehe, akaandika saa 163, na mbele yake akaacha nafasi.