Rap yetu na minerval

Siye ni watatu, tunaimba rap. Tulisikia kwamba katika mwaka wa 2013 marehemu Nipsey Hussle wa Los Angeles, bila kampuni kubwa, aliuza nakala 1000 za Crenshaw, kila moja dola 100. Basi tukalipa studio na feza ya minerval ya mwenzetu, tukapanga bei yetu. Mununuzi? Hata mumoja! Kumbe yule alikuwa anatoa nyimbo tangu 2005, na hata hiyo Crenshaw watu waliipata bure katika intaneti. Wenye kumpenda ndio walilipa. Sasa tunapitisha wimbo bure, simu kwa simu. Wadogo wetu wameushika kichwani. Lakini minerval haijarudi. Jumamosi tutaenda wote watatu mbele ya baba ya mwenzetu.