Mizani ya Ndege Iliyoundwa Nyumbani

Lugha yetu, ilipotakiwa kukipa jina chombo kirukacho angani, haikwenda mbali. Ilimtazama kiumbe mwenye mbawa juu ya mti, ikasema: ndege. Ilipomtafutia jina aongozaye chombo hicho ikageukia baharini, ikamchukua rubani, mjuzi wa miamba na njia za maji, ikamkalisha mawinguni. Kwa hiyo fundi wa Pwani aliyezoea kutaja mkuku, mataruma na usukani, akisimama mbele ya kiunzi cha ndege ndogo kabla hakijavikwa nguo, hatajiona mgeni. Ataona uti mmoja mrefu, na mbavu zilizopangwa kwa nafasi maalumu. Atauliza tu kwa nini mbao ni nyembamba kiasi kile.

Swali lake ni la haki. Jahazi likiongezwa taruma moja lisilo la lazima, litazama majini kidogo zaidi ya ilivyokusudiwa, na nahodha atapunguza magunia mawili ya shehena. Ndege ndogo haina msamaha huo. Kila kilo iliyoongezwa kwa hofu ya kuvunjika huielemea injini na huurefusha mwendo wa kukimbia ardhini kabla ya kupaa. Na ikiwekwa pasipostahili, yaweza kumuua rubani. Aundaye ndege hutia nguvu na kupunguza uzito kwa mkono ule ule.

Sisi tumeitumikia serikali kwa muda mrefu katika kazi za masjala, na nyakati za usiku tumekuwa tukitunga mashairi. Hatukupata kuwa fundi wa chombo chochote. Jambo hili lilitufikia kwa njia ya jalada. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja tuliyokuwa tukifanya kazi, ilifika barua iliyoandikwa kwa mkono, kwa mwandiko safi wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Mwandishi wake alikuwa kijana seremala. Alieleza ya kwamba ameunda ndege ya mtu mmoja nyuma ya karakana ya baba yake mdogo, kwa mbao, mabomba ya chuma na injini ya pikipiki, na kwamba bado hajairusha. Ombi lake lilikuwa moja: aletewe mtu ajuaye, akitazame chombo kabla yeye hajakipanda. Tumesoma barua nyingi za maombi maishani mwetu, za viwanja, za uhamisho, za malimbikizo ya mishahara. Ni chache zilizotutia heshima namna ile. Kijana hakuomba fedha wala sifa. Aliomba kukaguliwa.

Jalada likaenda kwa mkubwa huyu, likarudi; likaenda kwa yule, likarudi lina maoni pembeni. Mwenyewe alifika dirishani kwetu mara tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuulizia lile jalada langu."

Nasi tulimjibu lililo kweli, kwamba liko juu. Mara ya tatu alicheka, akasema, "Basi limenitangulia kuruka."

Hatimaye likaja jibu la mstari mmoja: hairuhusiwi kurusha chombo hicho. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa sheria, na yamkini lilimwokoa. Lakini halikumweleza sababu, wala halikumwonyesha afanye nini ili siku moja aruhusiwe. Tulisikia baadaye kuwa injini imerudishwa katika pikipiki, na mabawa yametundikwa darini. Hayo ndiyo yaliyotukaa moyoni, hata tukaanza kusoma habari za watu wa nchi nyingine waundao ndege majumbani mwao, na jinsi serikali zao zilivyofikia kuwapa vyeti.

Habari iliyotufundisha zaidi ni ya Mfaransa mmoja, Henri Mignet. Tarehe 10 Septemba, 1933, Mignet alirusha ndege ndogo aliyoiunda mwenyewe, yenye mabawa mawili, moja mbele na juu, jingine nyuma na chini, na injini ya aina itumikayo katika pikipiki. Bawa la mbele lilikuwa likiinamishwa na kuinuliwa kwa mkono wa rubani, na ndilo lililoongoza kupanda na kushuka. Mwaka 1934 akachapisha kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kuunda ndege kama ile, naye akawaaminisha kwamba awezaye kupigilia sanduku aweza kuunda ndege. Watu wa Ufaransa na Uingereza waliingiwa na homa. Katika vibanda vya bustani na vyumba vya kulia chakula, makarani, walimu na mafundi wa baiskeli wakaanza kukata mbao.

Kisha mauti yakaanza. Ndege kadhaa za namna ile ziliinamisha pua, zikashuka moja kwa moja, na marubani hawakuweza kuziinua. Wengine walisema hao ni wanagenzi wasiojua kurusha. Wengine walisema mbao zao zilikuwa mbovu. Mwaka 1936 ndege yenyewe, si mfano wake, ikatiwa ndani ya handaki kubwa la upepo huko Farnborough nchini Uingereza, na Wafaransa nao wakafanya vivyo hivyo kule Chalais-Meudon. Hapo kweli ikadhihiri. Mabawa yale mawili yalikuwa yamekaribiana mno. Ndege ikishainama kupita kiasi, rubani avutapo usukani ili kuinua pua, bawa la mbele huusukuma upepo kwa nguvu juu ya bawa la nyuma, nalo bawa la nyuma hunyanyuka. Mkia ukinyanyuka, pua huzidi kuzama. Yaani tendo lile lile ambalo rubani aliliona wokovu ndilo lililomzamisha. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: ni fundi gani, hata awe hodari vipi, angeligundua jambo hilo kwa jicho tu, ndege ikiwa imesimama uani?

Twasema hivi kwa sababu wako wanaodhani kuwa ukaguzi wa serikali ni hila ya kumzuia mnyonge. Mignet alikuwa mkweli, naye aliirusha ndege yake kabla ya kuwaita wengine. Hata hivyo palihitajika handaki la upepo, jambo lisiloweza kuwamo katika karakana ya mtu mmoja. Baadaye ndege za ukoo ule zilirekebishwa, nafasi kati ya mabawa ikapanuliwa, na ziko zinazoruka hadi leo.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege iliyoundwa nyumbani haikuwa na mahali katika sheria za taifa lile. Mwaka 1947 George Bogardus, mtu wa jimbo la Oregon, alipanda ndege yake ndogo ya kiti kimoja akavuka bara zima mpaka Washington, ili wakuu waione kwa macho yao. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo barua ya maombi iliyo bora kupita zote zilizopata kupelekwa ofisini. Miaka michache baadaye sheria ikatoa nafasi kwa ndege hizi, na mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake wakaunda chama cha waundaji katika jimbo la Wisconsin. Mjini Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1950, wanafunzi wa ufundi wa shule ya sekondari ya St. Rita waliifanyia kazi ndege ya mabawa mawili chini ya mwalimu wao, nayo ikaruka mwaka 1960.

Sheria ya Marekani ina sharti ambalo lastahili kusomwa polepole. Husema kwamba sehemu iliyo kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, iwe imefanywa na watu walioianza kwa ajili ya elimu yao wenyewe au kwa kujiburudisha. Neno elimu limo ndani ya sheria ya ndege! Kwa hiyo mkaguzi afikapo hatazami chombo peke yake. Hutaka daftari na picha za kila hatua: ubavu wa kwanza, gundi ilipokuwa ikikauka, waya wa usukani kabla haujafunikwa. Tena hashuhudii kwamba mchoro ni bora. Hutazama kama chombo kiko katika hali ya usalama, kisha hukiwekea mipaka. Karibu na mlango huandikwa kwa herufi kubwa kuwa ndege hii ni ya majaribio, ili abiria yeyote ajue anapanda nini.

Halafu huja kupimwa uzito, na hapa mtunga mashairi hawezi kujizuia kutabasamu, kwa kuwa neno ni lile lile: mizani. Ndege huwekwa juu ya mizani tatu, kila gurudumu na yake. Tuseme magurudumu mawili ya mbele yana kilo 90 kila moja, nayo yako nusu mita kutoka ncha ya pua. Na gurudumu la mkia lina kilo 20, liko mita 4.5. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, kisha gawa kwa uzito wote wa kilo 200. Jibu ni mita 0.9, na hapo ndipo kitovu cha uzito kilipo. Sasa mpandishe rubani wa kilo 70 katika kiti kilicho mita 1.2 kutoka puani. Kitovu chahama nyuma hadi karibu sentimeta 98. Ikiwa mchoro wasema mwisho ni sentimeta 95, basi ndege hiyo ni nyepesi, ni nzuri, na haifai kupandwa. Yafaa injini isogezwe mbele, au kiti. Shairi lililozidi mizani humwaibisha mtunzi barazani; hili la pili huinua pua, hupoteza mwendo, likaanguka.

Baada ya cheti kuna majaribio. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa saa 40 za kuruka bila abiria, katika eneo lisilo na watu wengi, au saa 25 ikiwa injini na rafadha ni za aina iliyokwisha thibitishwa. Siku hizi iko pia njia ya kufuata orodha ya majaribio hatua kwa hatua.

Kwetu hapa, Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nchi yetu imo, wadai kila ndege iendayo nchi za nje iwe na cheti cha kustahili kuruka kutoka kwa nchi iliyoisajili. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2003, ndiyo yenye kusajili, na ndege zetu hubeba alama ya 5H. Hatutazamii kwamba ofisi hiyo itamtuma mhandisi katika kila ua wenye kijana na injini ya pikipiki. Lakini magazeti ya Afrika Mashariki yameandika mara nyingi habari za vijana wa aina hiyo, na aghalabu picha huonyesha umati unaoshangilia, wala haionyeshi daftari. Tungependa kuliona daftari.

Wala si lazima kuanza na kuruka. Shule yenye mwalimu wa fizikia na seremala wa jirani yaweza kuunda bawa moja tu kutoka katika mchoro uliokwisha jaribiwa. Bawa hupinduliwa tumbo juu, hufungwa imara upande wa shina, kisha hupakiwa mifuko ya mchanga iliyopimwa, mmoja mmoja, mizito zaidi karibu na shina na miepesi kuelekea ncha, kwa kuwa hewa nayo hulibeba bawa kwa mpango unaokaribiana na huo. Mwanafunzi mmoja husoma rula pale nchani, mwingine huandika. Bawa likivunjika, litavunjika uani, mchana, watu wote wakiwa wamesimama kando, na mwalimu ataweza kuinama na kuwaonyesha pale mpasuko ulipoanzia.