Kabla ya Kununua Swichi Mpya



Wiki hii tunaomba nafasi kidogo katika gazeti letu tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikimbia tukisema, "hayo ni ya mafundi." Ni juu ya mtandao wa kompyuta wa masomo yetu, ule uliogawanywa sehemu mbili, kisha upande mmoja ukashindwa kusikilizana na mwingine. Tunaandika kwa sababu pesa iliyotaka kutoka ilikuwa pesa ya sanduku letu. Tena vikundi vingine hapa Bukavu vyenye chumba cha kompyuta kama chetu vitakutana na shida hii siku moja.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: masomo yetu yako kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za mji huu. Jengo la juu lina sekretarieti, ofisi ya hesabu, na kompyuta kubwa inayotunza majina ya watoto, pointi zao na buletini. Jengo la chini lina chumba cha kompyuta 12. Asubuhi wanakaa humo wanafunzi, na saa za mchana wanaingia wamama na wasichana wa chama. Nyaya zote za majengo mawili zinakutana kwenye kisanduku kimoja cha chuma chenye matundu 24, ndicho kinachoitwa swichi.

Wakati wa likizo kubwa, fundi aliyeitwa kupanga nyaya aliugawanya mtandao ule. Jambo hilo lenyewe lilikuwa zuri, na tunaomba lisilaumiwe. Wenye kukaa katika MUSO wanajua kwa nini tuna sanduku la kijani la akiba na mikopo, na sanduku jekundu la kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Pesa za jekundu haziingii katika kijani hivi hivi. Kamati inajua, na inaandikwa. Vivyo hivyo mtoto anayecheza katika chumba cha chini hapaswi kufika kwenye daftari la minervali la juu. Basi kompyuta za juu zilipewa namba zinazoanza na 192.168.10, na za chini 192.168.20. Namba za aina hiyo hazinunuliwi. Tangu mwaka 1994 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, hata masomo ya Bagira na duka la Dar es Salaam wanaweza kuwa na namba zile zile bila kugongana. Kila kundi kama hilo lina nafasi ya anwani 254, nasi hatukufikia hata 30.

Shida ilianza masomo yalipofunguliwa. Kompyuta za chini zilisikilizana zenyewe kwa zenyewe, na za juu vivyo hivyo, lakini kutoka chini kwenda juu kulikuwa kimya. Walimu hawakuweza tena kuingiza pointi wakiwa katika chumba cha chini. Walizibeba kwenye flashi, wakapanda ngazi katika mvua, wakapanga mstari mbele ya kompyuta moja ya sekretarieti. Wamama wa mchana hawakuweza kuchapa kazi zao, maana printa iko juu.

Mbaya kuliko hayo, maneno yakaanza. Wa chini wakasema wa juu wamewafungia. Mmoja akauliza hesabu inaficha nini. Mama mwenye kutunza vitabu, ambaye hajawahi kukosa hata franga moja, akaanza kuja kwenye mkutano akiwa amenyamaza. Fundi mwingine aliletwa. Aliangalia swichi kwa dakika chache akasema imekufa, itafutwe mpya ya dola 180. Kamati ikaweka jambo hilo katika mkutano wa Jumamosi: zitoke sanduku la kijani.

Sisi tuliosomea ualimu pale ISP tulifundishwa kufundisha, na mambo ya nyaya hayakuwa katika somo letu. Lakini kufundisha kunakupa tabia moja nzuri: mtoto akikosa jibu, humwambii kwamba kichwa chake kimekufa. Unarudi naye hatua kwa hatua mpaka uone alipopotelea. Tulikuwa walimu wawili na wasichana watatu wa darasa la mchana, tukaomba siku mbili kabla ya ule mkutano.

Hatua ya kwanza ilikuwa taa. Kila tundu la swichi lenye waya mzima na kompyuta iliyowashwa huwa na taa inayowaka. Zetu ziliwaka zote, juu na chini. Waya haukuwa na neno.

Hatua ya pili, anwani. Katika kompyuta ya chini tuliandika amri ya ipconfig, nayo ikatuonyesha namba yake na namba ya lango lake. Lango ni anwani ambayo kompyuta huipelekea kila ujumbe usio wa jirani zake. Ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue kompyuta hiyo haijapewa anwani, imejipatia yenyewe tu. Zetu zilikuwa sawa: 192.168.20, na lango lao 192.168.20.254, ambalo ni swichi yenyewe. Swichi ya aina yetu inaweza kufanya kazi ya mlinda mlango pia: ina mguu mmoja katika kila mtandao mdogo na hupitisha ujumbe kati yao.

Hatua ya tatu, kuita. Kuna programu ndogo inayoitwa ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, na mpaka leo imo katika karibu kila kompyuta. Inatuma ujumbe mfupi kusema "upo?" na kungoja jibu. Tuliita lango la chini, likajibu. Tukaita mguu wa pili wa swichi, ule wa juu, 192.168.10.254, nao ukajibu. Swichi iliyokufa haijibu. Lakini hapo tulijua tu kwamba ipo pande zote mbili. Hatukujua bado kama inaruhusu wengine kupita.

Hatua ya nne ndiyo iliyookoa dola 180. Tulichukua kompyuta ndogo ya mwalimu mmoja, tukaichomeka juu kwa waya wa mita mbili, tukaipa anwani ya juu, na lango lake tukaandika ile swichi. Tuliiambia pia ikubali kuitwa, kwa kuwa kompyuta nyingi za Windows zina ukuta wa kinga unaokataa kumjibu anayeita kutoka mtandao mwingine. Kunyamaza kwake si dalili ya kufa. Kisha msichana mmoja akateremka chini, akaita. Jibu likaja mara nne. Ujumbe ulikuwa umetoka chini, umepita katika swichi, umefika juu na kurudi. Swichi ilikuwa nzima na ilikuwa ikipitisha.

Basi kwa nini kompyuta kubwa ilinyamaza? Tulienda kuangalia lango lake. Lilikuwa 192.168.10.1, yaani ruta ya intaneti, ile iliyokuwapo tangu zamani kabla mtandao haujagawanywa. Hapo mambo yakafunguka.

Wamama wanaovuka Ruzizi kila asubuhi kwenda kuuza ng'ambo wataelewa upesi. Kuvuka kwenda ni jambo moja. Kurudi ni jambo lingine, na kila upande una mlango na watu wake. Mama anaweza kuvuka salama, akauza vyote, kisha jioni akaelekezwa njia isiyofika darajani. Nyumbani watoto wanangoja na kusema, "mama hakufika kule," kumbe alifika. Kilichopotea ni kurudi kwake. Ujumbe wa chini ulikuwa unafika kwenye kompyuta kubwa kila mara. Kompyuta kubwa ilijibu kila mara pia. Lakini jibu ililipeleka kwa ruta, na ruta haikuwahi kuambiwa kwamba kuna watu wa 192.168.20. Ikalisukuma nje kuelekea intaneti, ambako namba za ndani hazipokelewi, jibu likaishia huko. Aliyekaa chini aliona kimya, akadhani amefungiwa.

Hakuna aliyefungia mtu. Maneno hayo tuliyasema mbele ya wote siku ya mkutano, na mama wa vitabu alikuwapo.

Marekebisho yalikuwa matatu, na hayakudai kitu chochote cha kununua. Kompyuta kubwa tuliipa lango jipya, yaani swichi. Swichi tuliiambia kwamba ujumbe wowote usio wa juu wala wa chini uende kwa ruta. Ruta nayo tukaiandikia mstari mmoja: ujumbe wa 192.168.20 upite kwa 192.168.10.254. Kwa mstari huo hata chumba cha chini kilipata intaneti, ambayo ilikuwa imekatika tangu likizo.

Printa iliendelea kunyamaza bado. Katika karatasi yake ya mipangilio, mahali pa lango palikuwa na sufuri nne tu. Printa ilijua majirani zake wa juu peke yao. Tuliiandikia lango, na baada ya dakika moja karatasi ya kwanza kutoka chini ikatoka. Ilikuwa barua ya mama mmoja ya kuomba kazi.

Lakini ulinzi ulibaki. Tulimuomba fundi wa kwanza, kwa simu, atueleze namna ya kuandika sheria katika swichi. Alitusaidia kwa moyo mwema. Sasa chumba cha chini kinafika kwenye pointi na printa, na hakifiki kwenye kompyuta ya hesabu. Masanduku yameunganishwa kwa mlango, na mlango una kufuli.

Tunaacha mashauri manne kwa vikundi vyenye kompyuta.

La kwanza, msikubali kununua kifaa kipya kabla ya kuonyeshwa jaribio. Fundi akisema kitu kimekufa, mwambieni kwa heshima: "Baba, tuonyeshe kinavyokataa." Fundi wa kweli hatakasirika.

La pili, ulizeni njia mbili. Watu wengi huuliza tu kama ujumbe unafika. Ulizeni pia: jibu litarudi kwa wapi? Angalieni lango la kila kitu katika pande zote mbili, hata printa.

La tatu, hapa kwetu SNEL inakata umeme bila kuaga. Swichi nyingi zikizimika husahau kila kilichobadilishwa, isipokuwa kimehifadhiwa kwa amri yake. Fundi asiondoke kabla ya kuhifadhi, kisha azime na kuwasha mbele yenu. Sisi tulifanya hivyo, na umeme ulipokatika usiku uleule, asubuhi kila kitu kilikuwa mahali pake.

La nne, karatasi. Sanduku letu lina kufuli tatu na wenye funguo ni watu watatu, kusudi akisafiri mmoja chama kisifungwe. Neno la siri la swichi lisikae kichwani mwa fundi peke yake. Andikeni katika daftari anwani za kila mashine, lango lake, na mchoro wa nyaya. Neno la siri litiwe katika bahasha iliyofungwa, ikae ndani ya sanduku. Daftari letu lina kurasa sita, limeandikwa na wale wasichana watatu kwa Kiswahili na Kifaransa, na yeyote anaweza kuja kulinakili.

Zile dola 180 zimebaki katika sanduku la kijani. Jumamosi ileile zimekopeshwa wamama watatu: mmoja wa samaki, mmoja wa makala, mmoja wa kushona. Na buletini za muhula huu zitatoka kwa wakati, walimu wakiziandaa wakiwa wamekaa chini, bila kupanda ngazi katika mvua.

Wasichana wetu wanaomba jambo moja. Kikundi chochote ambacho kompyuta zake hazisikilizani kiwaite kabla ya kutoa pesa. Watakuja wawili wawili, na waya wao wa mita mbili. Mtawapa nauli na chai.