Nyota Tano

Nilituma pesa Jumatano saa tano usiku. Sh74,000. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la kampuni, lilikuwa la mtu. Majina mawili tu, kama ya jirani yako.

Na si eti sikuliona mapema. M-Pesa hukuonyesha jina kabla hujamaliza kutuma. Nililisoma, nikaendelea. Dada wa kampuni alikuwa ameniambia till yao ina shida wiki hiyo, nitume kwa simu ya mhasibu, na ofa inaisha saa sita usiku. Zilikuwa zimebaki dakika 40. Ukiwa na dakika 40 huwi mtu wa maswali.

Safari yenyewe ilikuwa siku nne Diani, watu wanne: mathe, shosho, dadangu mdogo na mimi. Treni kwenda na kurudi, hoteli, chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Ilinichukua miezi 11 kuweka hizo pesa. Mathe hajawahi kuona bahari. Alichokuwa akiweka akiba kilienda kwa karo yangu mihula mitano, kisha nikaacha chuo. Hajawahi kunigombeza kwa hilo hata siku moja, na ningependelea angenigombeza.

Usiku huo sikulala. Saa nane nilikuwa nasoma maoni ya wateja kwenye ukurasa wao. Yalikuwa mengi, yote nyota tano. “Familia yangu ilifurahia sana, huduma ya hali ya juu, nitarudi tena.” Niliposoma la tatu tumbo likanikamata, kwa sababu naijua hiyo sentensi. Mimi huandika hiyo sentensi. Kabla sijapata wateja wa maana nilikuwa naandika maoni ya hoteli nisizowahi kuingia, Sh50 kwa moja, kumi kwa siku kukiwa na stima. Unaambiwa utaje mfanyakazi mmoja kwa jina ili ionekane kweli. Unaambiwa uweke kalalamiko kadogo, tuseme intaneti ilikuwa polepole, ili isizidi utamu. Nikaanza kuhesabu: mfanyakazi mmoja kwa jina, intaneti polepole. Manze, hata hivyo vikosa vidogo vya tahajia nilivijua.

Sijui ni akina mama wangapi walituma pesa kwa ajili ya sentensi zangu.

Asubuhi nilifikiria kutuma ule ujumbe kwa 456, pesa zirudishwe. Lakini ukiomba zirudishwe na kampuni ni ya kweli, umejifuta safari. Na kama ni ya uongo, mwenye simu ashazitoa. Nikawauliza leseni, maana kampuni za kutembeza watalii hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Wakanitumia picha ya karatasi yenye mhuri, ukungu mtupu, hata ukiivuta haisomeki. Nikapigia hoteli. Mwanamume mmoja mpole akaniambia, “Hilo jina silioni kaka, lakini maajenti hutuma majina dakika za mwisho.”

Wakati huo mathe alikuwa ashatangaza kwa chama. Alikuwa ameshona dera mbili, yake na ya shosho, kitambaa kimoja. Shosho alishuka kutoka Murang'a wiki nzima mapema akiwa na kiondo cha maparachichi ya kula kwa treni. Kila jioni mathe ananiuliza, “Baba, hiyo maji kweli ni ya chumvi yote?” Nami najibu ndiyo, yote, huku nikiangalia simu chini ya meza.

Ijumaa nikaenda town kutafuta ofisi yao. Orofa ya nne, lifti imekufa. Ilikuwa nusu ya stoo: upande mmoja magauni ya harusi ya kukodisha, upande mwingine meza, kalenda na msichana anakula chipsi. Bosi ametoka, akasema. Anarudi lini? Ametoka tu. Akafungua daftari kubwa la mistari, akapitisha kidole chenye mafuta hadi chini, na hapo nikaona jina la mathe limeandikwa kwa kalamu, limekosewa. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonituliza. Nilijiambia tapeli hawezi kujisumbua kulikosea jina la mtu kwa daftari.

Tiketi ziliingia saa tatu na nusu usiku, siku moja kabla ya kusafiri. Nilikuwa chooni, nikakaa huko dakika kumi nzima.

Asubuhi Syokimau, mizigo yetu imepangwa chini ili mbwa wainuse, mathe akanivuta kando. Akatoa leso kifuani, akaifungua. Noti za elfu, zimekunjwa mara nne. “Hizi ni za treni. Nilisikia ni 1,500 kila mtu. Kama ile kitu yako ingekataa, tungelipa hapa, tufike Mombasa, tuangalie tu maji, turudi na treni ya usiku.”

“Ulijua aje?”

“Wewe hukula wiki mbili.”

Hoteli haikuwa ile ya kwenye picha. Ile yetu ilikuwa upande wa pili wa barabara, dakika 15 kwa miguu hadi ufuoni, na bwawa la kuogelea lilikuwa na maji ya kijani. Nilipopiga simu kulalamika, mhasibu hakushika. Mathe hakujali bwawa. Aliingia baharini na dera yake hadi magotini, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akamwita shosho aje aonje pia.

Jumatatu, tukiwa tumerudi, dada wa kampuni akaniandikia: tafadhali tuachie maoni, nyota tano. Nimeandika mistari mitatu, nimefuta, nimeandika tena. Wa kwanza unasema hoteli si ile ya kwenye picha. Sijataja mfanyakazi yeyote kwa jina.