Kifaru cha Sentimita 13: Kinafaa au Hakifai?

Leo naweka kando misimbo na hifadhidata, niwaonyeshe kitu ambacho kimekaa mezani pangu kando ya tarakilishi kwa majuma matatu sasa: kifaru. La, si yule mnyama wa Tsavo! Nasema kifaru cha vita, aina ya T-72, mfano mdogo wa chuma na plastiki unaoenea kiganjani. Nilikinunua kwa shilingi 3,800 na nina kazi nacho. Nataka kujenga diorama, yaani mandhari ndogo ndani ya sanduku la kioo, kuhusu meli ya MV Faina.

Kwa wale ambao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa bado wananyonya, kisa ni hiki. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka Faina ikiwa njiani kuja Mombasa. Tumboni mwake mlikuwa na vifaru 33 vya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi tele. Iliachiliwa tarehe 5 Februari 2009 baada ya fidia ya dola milioni 3.2 kudondoshwa kwa parachuti, na juma moja baadaye ikaingia bandarini kwetu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kila jioni redio ilikuwa ni Faina, Faina, Faina.

Sasa tuje kwenye swali la leo: mfano huu unafaa?

Sisi wa programu tuna tabia moja ambayo wengine huiona ni usumbufu. Ukituuliza kama kitu kinafaa, tunakuuliza: kwa kazi gani? Kifaru cha kupamba rafu hutazamwa peke yake. Kikiwa na rangi nzuri na uzito wa kuridhisha mkononi, yatosha. Kifaru cha diorama hukaa kati ya vitu vingine, na hivyo vitu vingine vitakishtaki. Mtu akisimama kando yake, macho yatajua mara moja kama urefu ni wa kweli. Kwa hiyo nilikipa majaribio matano, kama ninavyofanya kwa programu kabla ya kumkabidhi mteja.

JARIBIO LA 1: VIPIMO

Sanduku linasema uwiano ni 1:72. Maana yake, milimita moja ya mfano ni milimita 72 za kifaru chenyewe. Hesabu yake ni rahisi. T-72 ina upana wa mita 3.59, urefu wa mita 9.53 mzinga ukielekezwa mbele, na kimo cha mita 2.23 hadi juu ya kichwa (ile sehemu inayozunguka na mzinga). Ukigawanya kwa 72 unapata upana wa milimita 49.9, urefu wa 132.4 na kimo cha 31.0.

Nikachukua rula ya vernia. Upana: 50.5. Vizuri. Urefu: 132. Vizuri sana. Kimo: 33. Hapo pana neno!

Milimita mbili utasema si kitu. Lakini zizidishe kwa 72 uone: zaidi ya sentimita 14. Na ufupi wa T-72 si jambo dogo. Kifaru hiki kina watu watatu tu, kwa sababu mtambo ndio unaopakia makombora mzingani badala ya askari wa nne. Bila mpakiaji wa kusimama ndani, waliokibuni waliweza kukipunguza kimo. Anayekitengeneza kirefu anafuta wazo lililokizaa.

Nilipokifungua kwa bisibisi nikaona chanzo. Kiwiliwili kimenyanyuliwa na viguzo vya plastiki ambamo skurubu zinaingia. Ukivisugua kwa tupa kidogo kidogo, kinashuka. Hitilafu ipo, lakini inarekebishika.

Huenda mkajiuliza kwa nini sikuchukua uwiano wa 1:35, ambao wapenzi wa vifaru wanaupenda zaidi. Uwiano huo una hadithi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza mfano wa kifaru cha Panther cha Wajerumani, ukapewa ukubwa wa kutosha betri na mota vienee ndani. Ulipopimwa baadaye ukaonekana uko karibu na 1:35, na dunia nzima ikafuata. Wanaoandika programu watacheka hapa, maana wanajua: uamuzi wa siku moja kuhusu betri umekuwa sheria kwa zaidi ya miaka 60. Lakini kwa 1:35 kifaru changu kingekuwa na urefu wa sentimita 27, na kipande cha meli cha kukibeba kingemaliza meza yote. Mimi ni mpangaji, wenzangu, si mwenye jumba la makumbusho.

JARIBIO LA 2: NI T-72 IPI?

"T-72" ni jina la ukoo. Wanajeshi wa Kisovieti walianza kukipokea mwaka 1973, kisha kikawa kinabadilishwa mwaka hadi mwaka, na matoleo ya kuuza nje yakatengenezwa pia Poland na Chekoslovakia. Ni kama programu yenye matoleo mengi: ukiniambia tu jina lake, hujaniambia unatumia lipi.

Namna ya kuyatambua ni kuangalia kichwa. Toleo la kwanza lilikuwa na taa ya kurunzi upande wa kushoto wa mzinga. Katika T-72A, lililotoka mwaka 1979, taa ilihamia kulia. T-72A pia ina mirija 12 ya kurushia moshi mbele ya kichwa, 7 kushoto na 5 kulia. T-72B ya miaka ya 1980 ina mirija 8, yote upande wa kushoto.

Sanduku langu limeandikwa T-72M1, ambalo ni toleo la kuuza nje lililo ndugu wa T-72A. Nikahesabu mirija: saba, tano. Taa: kulia. Magurudumu makubwa: sita kila upande, kama inavyotakiwa. Limefaulu. Watengenezaji wengine huchanganya kichwa cha toleo hili na kiwiliwili cha lile, wakitumaini mnunuzi hatahesabu. Hesabu.

JARIBIO LA 3: MZINGA NA MINYORORO

Mzinga wa T-72 una kipenyo cha milimita 125. Kwa uwiano wetu tundu la mtutu linapaswa kuwa milimita 1.7. Langu limezibwa kabisa, kama kalamu ya risasi isiyochongwa. Nitalitoboa kwa keekee ndogo ya mkono, kazi ya dakika kumi.

Minyororo ni ya plastiki laini, na magurudumu mawili ya kati yanaelea juu yake. Kifaru chenyewe kina uzito wa tani zaidi ya 40! Hakiwezi kuelea. Tone la gundi na usiku mmoja chini ya kamusi nzito vitatosha.

JARIBIO LA 4: KITADUMU?

Jaribio hili wengi hawalifanyi, na sisi wa Pwani ndio tunaolihitaji zaidi. Chuma cha mifano hii kwa kawaida ni zinki iliyochanganywa na madini mengine, ikamiminwa kwenye kalibu. Zinki ikiingiwa na risasi kidogo tu (madini ya risasi, si ya bunduki) huanza kuoza kutoka ndani. Hufanya nyufa, hupinda, mwishowe humomonyoka, na unyevunyevu huharakisha ugonjwa huo. Hauna dawa. Nilikagua pembe zote kwa kioo cha kukuzia na tochi nikitafuta nyufa kama za nywele au rangi iliyofura. Sikuona kitu. Hata hivyo, ndani ya sanduku la kioo nitaweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, msivitupe! Na sanduku litakaa mbali na dirisha, maana jua hufifisha rangi na kugeuza vibandiko kuwa njano.

JARIBIO LA 5: KINASEMA NINI?

Hapa ndipo kazi ikawa nzito.

Sanduku lilikuja na karatasi ya vibandiko vya bendera na nambari za majeshi mbalimbali. Ya Kenya haimo, lakini kuchapisha bendera ya milimita tano si shida kwa mtu mwenye printa. Wazo la kwanza linalomjia Mkenya yeyote ni hilo: vifaru vilikuja Mombasa, bandika bendera yetu, kwisha.

Lakini kibandiko ni dai. Serikali yetu wakati ule ilishikilia kwamba vifaru vilikuwa vya jeshi la Kenya. Wengi walishangaa, kwa sababu vifaru vya jeshi letu vilikuwa ni Vickers vya Uingereza, vyenye mzinga wa milimita 105 usiotumia makombora ya T-72. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiongoza shirika la kuwasaidia mabaharia hapa Mombasa, alisema mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini, na mwezi wa Oktoba 2008 akakamatwa. Baadaye mashtaka yaliondolewa. Mwezi wa Desemba 2010 WikiLeaks ilichapisha nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizoeleza jambo lile lile: vifaru vilikuwa vimekusudiwa Sudan Kusini, ambayo ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011.

Kwa hiyo bendera gani? Ya mwenye kupokea kwenye makaratasi, au ya mwenye kupelekewa? Nilikuwa nimeandika hoja za pande zote mbili katika jedwali, kama mpumbavu mwenye shahada, mjomba wangu alipopita kunisalimia.

Mjomba alifanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikiinua kifaru, akakigeuza, akasoma karatasi yangu ya michoro kimya kimya.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "meli ile ilikuwa na watu wangapi?"

"Ishirini na mmoja, mjomba."

"Mbona hapa naona chuma tu?"

Nikamweleza kwamba diorama ni ya vifaru. Akatikisa kichwa. "Chuma kilikaa miezi minne baharini na hakikuumwa njaa wala hakikumlilia mama yake. Wewe unatafuta bendera ya kukivisha. Wenye roho hujawatafutia hata pa kusimama." Kisha akaomba chai, tukazungumza mambo ya shamba.

Mabaharia wa Faina walikuwa 21, wengi wao Waukraine. Nahodha wao alifariki melini siku chache baada ya kutekwa. Ipo picha ya jeshi la majini la Marekani, iliyopigwa kwa mbali, inayowaonyesha wenzake wamejipanga kwenye sitaha chini ya ulinzi wa maharamia, baada ya Wamarekani kutaka kuona kama wako hai. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi nikitafuta rangi sahihi ya meli. Baada ya mjomba kuondoka niliitazama tena. Ukikuza sana hupati nyuso, unapata nukta. Hakuna programu itakayokurudishia nyuso hizo, na ukiona inakurudishia, ujue inazitunga.

Basi mchoro umebadilika. Diorama itakuwa ya ghorofa mbili, kama meli iliyokatwa kwa msumeno. Chini, tumboni, kifaru kimefungwa kwa minyororo kwenye sakafu ya chuma, nusu gizani, bila bendera yoyote. Juu, kwenye mwanga, mabaharia wamesimama. Kibao kitasema: MV Faina, Septemba 2008 hadi Februari 2009. Mabaharia 21. Vifaru 33. Mpaka hapo hakuna anayebishana.

MATOKEO

Kwa mtu wa rafu, mfano huu naupa alama 6 kwa 10. Mtutu ulioziba, kimo kilichozidi na magurudumu yanayoelea vitakukera kila ukipita, isipokuwa uwe na tupa na subira. Kwa diorama yangu naupa 8. Umbo la toleo ni sahihi, na kasoro zilizopo mkono unazimudu. Ukienda kununua wako, beba rula, hesabu mirija, kagua nyufa, halafu jiulize utakiweka kati ya nani na nani. Swali hilo la mwisho liulize kabla ya kulipa, kwa sababu ndilo linaloamua ukubwa wa mfano, rangi na hata kama unahitaji kifaru kimoja au vitano.

Taabu niliyo nayo sasa ni watu. Mtu wa mita 1.75 kwa uwiano wa 1:72 ni milimita 24. Wasafiri wanaouzwa kwa ajili ya reli za kuchezea ni wa 1:87, milimita 20 tu. Ukiwasimamisha juu ya kifaru hiki wataonekana watoto. Wa 1:72 wanaopatikana kwa urahisi ni askari, wanajaa sanduku zima kwa bei ya pilau. Nimenunua sanduku moja. Kila usiku nikimaliza kazi nawaosha kwa sabuni ili rangi ishike, kisha kwa wembe nawakata bunduki na kofia za chuma, na kuwajazia mikono kwa utomvu mpaka wawe mabaharia.

Nahitaji 20. Mpaka jana usiku nimeshawavua silaha tisa.