Kitambaa Bado Sijakikata

Kariakoo, Jumapili jioni

Mpwa wangu Zaituni,

Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaodai deni la miaka ya kuinamia cherehani. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimezima redio. Unasema zamu yako ya mchezo wa upatu inatoka mwezi ujao, kijumbe ameshakuthibitishia, na fedha hizo unataka ukafanyiwe upasuaji wa tumbo upungue kabla ya harusi. Ukaniomba nisikucheke. Sikucheki.

Nianze na mama yako, maana ulikuwa mdogo. Kila Idi dada yangu aliniletea gauni nimwachie mshono ubavuni, nami nikimwambia, "Dada unanawiri, biashara imekukubali." Nilimaanisha. Mtaani kwetu mwanamke wa biashara akiwa na mwili, watu wanaona mtaji. Kisha sukari ikamwanza, akakonda. Ilikuwa miaka ya tisini. Mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini, alishahukumiwa kuwa amekanyaga waya, yaani ana Ukimwi. Wateja wake wa vitenge wakaanza kupita mbali. Basi akawa anakula kwa kujilazimisha, uji wenye sukari asubuhi, wali wa nazi usiku, ili mwili urudi watu wanyamaze. Mwili ukarudi. Mguu ukaenda. Gauni lake nililipunguza mimi na nikaliachia tena mimi, na mara zote mbili sikumuuliza daktari kasemaje.

Sasa wewe. Vipimo vyako ninavyo tangu sare ya shule. Umesema una kilo 118, na urefu wako ni mita 1.62. Nimepiga hesabu ya madaktari, kilo gawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, nikapata karibu 45. Unene wa ugonjwa unaanzia 30. Ukifika 35 upasuaji unaweza kuzungumzwa. Zamani asiye na maradhi mengine alingoja hadi 40. Wewe una presha, na sukari inapiga hodi. Kwa hiyo wanaosema unatafuta urembo wapuuze, wakiwamo wa nyumbani kwangu.

Pale hospitali ya Mloganzila wanaweka puto na wanafanya upasuaji pia. Nakueleza kifundi. Puto ni kupiga pindo. Linapitishwa mdomoni, linajazwa likiwa tumboni, linakaa miezi sita hivi, mengine hadi mwaka, kisha linatolewa. Wengi hupungua kama sehemu ya kumi ya uzito wao, na asiyebadili ulaji, pindo likifumuliwa gauni linarudi lilivyokuwa. Upasuaji ni mkasi. Zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula inaondolewa, kinabaki kitu chembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana hamu ya kula hutulia. Mtu wa kilo zako anaweza kupungua kilo 30 hivi katika mwaka mmoja au miwili, na sukari ya wengi hushuka. Lakini kipande kilichokatwa hakirudishwi. Mara chache tumbo huvuja pale lilipobanwa pini, au damu ikaganda miguuni. Vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote. Na wewe dawa ya presha unaimeza siku kichwa kikiuma tu!

Halafu kuna uzazi. Madaktari hutaka mwanamke akae mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila kushika mimba. Mchumba anajua? Mama mkwe anajua? Miezi mitatu tu baada ya harusi wataanza kukutazama tumbo kwa sababu nyingine.

Kilichoninyima usingizi zaidi ni siku yako kwenye fremu ya duka. Asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili huku unapanga mzigo. Soda ya kwanza, soda ya pili. Mchana wateja wamejaa, huli. Usiku ukifunga ndipo unapopita Msimbazi kubeba chipsi zege na kuku, saa tano umelala. Daktari atapunguza tumbo, Kariakoo itabaki vilevile. Utatakiwa ule vijiko vichache mara kadhaa kwa siku, utafune taratibu, maji unywe funda moja moja, tena si pamoja na chakula. Kaunta utamwachia nani? Soda nayo hupenya hata tumbo dogo. Ramadhani ya kwanza usijiamulie kufunga, muulize daktari.

Profesa Janabi, kabla hajaenda kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alikuwa akituonya juu ya soda na ulaji, na hapa barazani tukamfanya utani: anayefungua soda anatishiwa kushtakiwa kwake. Tulicheka kwa sababu tulijua anasema kweli. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa jirani yako, ziache. Nyingi ni za kuharisha tu.

Ukiuliza rai yangu, nenda. Lakini si mwezi ujao, wala si kwa ajili ya gauni. Na ujue watasema. Ukipungua kilo ishirini, haohao wanaokuita bonge watanong'ona ule wimbo waliomwimbia mama yako. Usije ukaanza kula ili kuwajibu.

Jumatano nafunga kibanda. Tupande mwendokasi Gerezani hadi Kimara, tuunge gari la Mloganzila. Beba dawa zako zote, hata zile usizomeza. Tuulize gharama nzima, vipimo na vidonge vya baadaye vikiwamo, ndipo kijumbe aguse fedha.

Kitambaa cha harusi kimefika, kizuri. Nimekifunga gazeti, kipo juu ya kabati.

Mjomba wako,
Fundi