Kuvuka Hori kwa Ajili ya Kioo

Kutoka Deira tulivuka hori la Dubai kwa abra, nauli dirhamu moja, tumepakata kompyuta iliyopasuka kioo. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yetu akitaja nasaba ya ukoo. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Huko Bur Dubai, katika barabara ya Khalid bin Al Waleed, maduka ya kompyuta yamepangana bega kwa bega. Duka la kwanza walitushauri tununue mpya. Fundi wa duka la pili aliiunganisha na televisheni. Picha ikatoka safi. Kumbe kilichokufa ni kioo tu. Tulimwomba anakili sauti kwanza, ndipo abadilishe kioo. Gharama haikufika theluthi ya bei ya mpya.

Ndugu zetu, nakilini mapema, kisha pimeni bei.